Gari Linalojizalia Oili

9 Februari

Mjomba wangu,

Tangu uniachie funguo, mimi ndiye dereva bora wa mji huu na wa miji miwili ya jirani. Sijisifu, natangaza tu, maana mpaka leo hajatokea mtu wa kubisha. Juzi nimelirudisha gari lako kinyumenyume kichochoro kizima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika muwa, na ukuta sikuugusa. Trafiki aliponiona akapiga saluti. Wapo wanaosema alikuwa anajikinga jua. Wivu huo.

Sisi hatujambo. Bibi hajambo, anakusalimu na anauliza kama huko kambini mnakojenga barabara mnapewa chakula cha moto au mnatafuna kokoto. Paa halivuji, ila pale pale unapopajua. Kila Jumatatu na Alhamisi, kama ulivyoamuru, nampakia Bibi, tunapanda kilima cha hospitali, anaingia kusafishwa damu, nasubiri, tunarudi. Nimemwekea mto kwenye kiti cha nyuma. Anaketi kama waziri, na akiona mtu anayemfahamu anapunga mkono taratibu, vidole vitatu tu.

Sasa kuhusu kikaratasi ulichonitumia, eti oili ina rangi gani na mita inasoma kilomita ngapi. Mjomba, oili ipo. Nimechomoa kijiti cha kupimia nikakuta imefika alama ya juu. Ikiwa ipo, ipo, rangi ya nini? Sisi hatupaki ukuta. Na kioo cha mita kina vumbi. Nitakifuta nikipata nafasi.

Mpwa wako,
Bingwa

*

27 Februari

Mpwa wangu, Bwana Mdomo,

Barua yako imefika na harufu ya vitunguu, maana lori la chakula ndilo posta yetu. Simu huku ni pambo la mfukoni. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Nashinda chini ya magreda, nikitoka naonekana kama nimechimbwa.

Nafurahi mama yangu anaketi kama waziri. Lakini mawaziri huchelewa, na yeye hatakiwi kuchelewa. Daktari alisema mbele yako, wala hukuwa umeziba masikio: akikosa siku moja maji yanaanza kumjaa mwilini, akikosa mbili tusimtafute mchawi.

Haya, nisikilize. Oili si kama maji ya mtungini, kwamba ukichungulia ukayaona basi yapo. Oili huchoka ikiwa imo humo humo. Inasagwa, inaungua, inabeba uchafu mpaka inashindwa kuubeba. Ile niliyoweka kabla sijaondoka ni ya kawaida: kilomita elfu tano au miezi sita, kitakachotangulia. Nyumbani hadi hospitali na kurudi, mara mbili kwa wiki, hata nusu ya kilomita hizo hazifiki. Hesabu hiyo niliipiga makusudi. Gari likienda hospitali tu, oili itanisubiri nije niimwage mwenyewe. Ndiyo maana nauliza mita.

Kwa hiyo futa hilo vumbi. Kisha chomoa kijiti, dondoshea tone kwenye kitambaa cheupe, ulisugue kati ya vidole, uniambie ulichoona na ulichohisi. Sikuulizi kama ipo.

Mjomba wako

*

21 Machi

Mjomba mwenye mgongo,

Pole. Ningekuwa huko ningekukanda mpaka uombe msamaha. Bibi anakohoa kidogo asubuhi lakini kinywa hakijapungua makali. Jana alinitazama akasema, "Wewe, hata ukizikwa utatoa mkono uombe kuongezewa nafasi." Nyumbani tumepaka chokaa chumba cha mbele. Nimenunua viatu vipya, vya kamba, vinalia nikitembea. Msichana wa duka la dawa alivisikia kabla hajaniona, na alipotokeza alikuwa ameshatabasamu.

Oili nimeidondoshea kitambaani. Ni nyeusi tii, yaani imeiva. Nimesugua kati ya vidole, imenikwaruza kama ina mchanga mwembamba, nikajua hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Ikipungua naongeza ya kupima kwa chupa ya soda. Kumwaga yote ya nini? Mtu akipungukiwa damu hospitali wanamwongeza, hawaimwagi ile ya zamani. Hapo umemsoma mtaalamu.

Mita nilitaka kukusomea, lakini imekufa. Mshale umelala kushoto, namba hazisogei. Nimeigonga, nimeibembeleza, haitaki. Uzee tu.

Bibi analalamika eti kiti cha nyuma kinanata na kina harufu, eti kama soko limelala ndani. Nimemwambia ni pua za wazee, zinakumbuka harufu za zamani.

Kingine, rejeta lina kiu siku hizi. Naliongezea maji kila asubuhi na jioni linataka tena. Ni joto, huku jua limeshuka mpaka mabegani.

Bingwa, mwenye viatu

*

8 Aprili

Mpwa,

Mgongo umepata nafuu. Mwambie mama asikohoe kimyakimya, amwambie muuguzi. Chokaa mmefanya vizuri.

Viatu umenunua kwa kazi gani? Si swali la mzaha, na usilijibu kwa mzaha.

Mita ile imenisomea ukweli tangu siku niliyolinunua gari. Wewe umeshika usukani kidogo tu, imekufa. Mashahidi ndivyo wanavyokufa. Nyuma ya mita kuna waya mrefu unaozunguka, nao haukatiki kwa uzee, unafunguliwa kwa mkono. Mimi sijasema ni mkono wa nani. Nasema tu kwamba ukiificha mita kwangu, hujaificha kwa oili. Oili inajua ilikokwenda.

Mikwaruzo uliyohisi vidoleni si nguvu. Ni chuma cha injini. Kaimwage yote, leo, uweke mpya na chujio jipya.

Na hii ya rejeta imeniamsha. Asubuhi kabla hujawasha, piga magoti utazame chini ya gari. Kuna tone la maji? Kama kuna, ni bomba limepasuka na si neno. Kama chini ni pakavu na maji yanapungua, basi yanaingia mahali, na mahali penyewe ni ndani. Niandikie haraka: oili kwenye kijiti inashuka au inapanda?

Nasubiri, na kusubiri sikuwezi.

Mjomba wako

*

15 Aprili

Mjomba,

Hii naiandika bila kupata yako. Lori halijaonekana, wanasema mto umefunika daraja. Naiacha barua hapa kituoni kwao, ikivuka ivuke.

Bibi hajambo, ila miguu imevimba kidogo. Anakula. Jana amecheka mwenyewe jikoni, nilipomuuliza akasema amemkumbuka marehemu mama yangu, jinsi alivyokuwa anakunyang'anya kijiko.

Sasa kaa chini. Kama umesimama juu ya greda, shuka kwanza.

Gari lako linajizalia oili.

Usicheke. Siku moja nimechomoa kijiti nikakuta oili imepita alama ya juu, wakati sijaongeza hata tone. Nikasema labda nimelewa usingizi. Nikapunguza ya ziada, nikafunga. Siku chache tu, nachomoa tena: imepanda! Mpaka sasa nalikamua kama ng'ombe. Na rangi, uliyokuwa unaililia, imebadilika. Si nyeusi tena. Ni kama chai ya maziwa, ina povu, na chini ya kifuniko pamegandamana utando mzito, mweupe, ungedhani mtindi. Dunia nzima inanunua oili, mimi nimeegesha mashine yake uani. Ukirudi tutafungua kampuni. Wewe utakuwa naibu.

Hii ya ziada naigawa bure kwa sasa, kutafuta wateja. Nimempa jirani akapaka mnyororo wa baiskeli. Bawaba za mlango wetu nimezipaka zote. Bibi anadai bawaba zimeota kutu tangu siku hiyo. Nimemwambia ni kutu ya zamani, inatoka.

Nyuma gari linatoa moshi mweupe, mzuri, mnene. Watoto wanaukimbilia. Tukipanda kilima cha hospitali, chini kwenye injini kuna kitu kinagonga, ko, ko, ko, kama mgeni mwenye adabu. Alhamisi Bibi aliniambia, "Simama umfungulie, kuna mtu anabisha hodi."

Nikamwambia, "Hakuna mtu, Bibi."

Akasema, "Basi mbona haachi?"

Mpwa wako,
Mkurugenzi

*

24 Aprili

Wewe,

Leo sina salamu.

Gari halizai. Hakuna injini inayozaa oili chini ya jua hili. Hayo ni maji ya rejeta. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, imeungua, maji yanapenya yanashuka kwenye oili, ndiyo maana kijiti kinapanda, ndiyo maana kuna maziwa, ndiyo maana moshi ni mweupe. Oili iliyochanganyika na maji haishiki chuma. Anayebisha hodi ni chuma kinachomla mwenzake. Atabisha siku kadhaa, kisha injini itajifunga yote kwa mpigo, palepale itakapokuwa, iwe uani au katikati ya kilima na mama yangu ndani.

Usiliwashe. Hata kulisogeza kivulini usiliwashe, lisukumeni. Dereva wa lori nimempa nauli ya teksi ya kumpeleka na kumrudisha mama mpaka nipate ruhusa. Atakupa mkononi pamoja na barua hii.

Naandika nimesimama na lori linaunguruma. Daraja limefunguka leo, halina uhakika kesho. Nijibu neno moja tu: limezimwa.

Wewe ndiye niliyeachiwa na dada yangu, na mama ndiye aliyebaki. Sina wengine.

Mjomba wako

*

19 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Neno uliloomba ni hili: limezimwa.

Barua yako imenifikia ikiwa imechelewa, Mjomba. Ingefika mapema ningeitii, unanijua. Yaliyotokea ndiyo hayo uliyoyatabiri, na kama usingekuwa fundi ningesema wewe ni mganga.

Ilikuwa Alhamisi. Tuko nusu ya kilima, Bibi nyuma kwenye mto wake, mara mgeni akaacha kubisha. Kimya. Nikafurahi. Halafu injini ikapiga kishindo kimoja kama sufuria limeanguka, usukani ukawa mzito, gari likasimama. Nikawasha, hata kukohoa halikukohoa. Watu wakapita, magari yakapita, hakuna aliyesimama. Nikasema, leo ndiyo siku ya kuonyesha nimelishwa nini. Nikavua viatu, nikampandisha Bibi mgongoni, nikaanza kukwea. Akawa ananiambia nipumzike, mimi namwambia kaa vizuri waziri, gari jipya hili, halitumii oili. Mpaka mlangoni. Wauguzi walinipigia makofi, mmoja alifuta machozi kwa kona ya kofia.

Tulichelewa kidogo, kwa hiyo wamemlaza. Ni hizo figo tu, na uchovu. Nipo naye kila siku. Anakusalimu, yaani, angekusalimu, sasa hivi amelala.

Ndugu waliokuja kumwona wananiita shujaa. Nimewaambia waache.

Nyumbani salama. Usije kwa haraka, mkataba wako haujaisha, na mambo hapa nimeyashika.

Mpwa wako

*

2 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, nyuma ya tangi la dizeli, ili watu wasinione uso. Mara ya pili nimeisoma kwa sauti wakati wa chakula. Mpishi, ambaye hata kwa mama yake hajawahi kutoa kipande cha pili cha nyama, alikuja akaniwekea cha pili akasema, "Hiki ni cha yule kijana." Msimamizi akasimama na bakuli lake. Wote sasa wanalijua jina lako la Bingwa, na mimi nimelifuta lile la Bwana Mdomo. Nilikuita hivyo kwa kukosa macho.

Nataka ujue jambo, usije ukabeba mzigo usio wako. Kosa ni langu. Gasketi ile ilishafunguliwa na kurudishwa mara moja, na mimi fundi mzima nilijua gasketi hairudishwi. Nikasema itanivumilia. Nikampakia mama yangu kwenye gari la "itanivumilia", kisha nikakaa huku mbali kukukaripia kwa ajili ya mita na viatu. Nisamehe. Kama si mgongo wako, leo ningekuwa nazungumza mengine.

Usiku silali, namwona pale kilimani. Nimevunja mkataba. Msimamizi amekubali niondoke na lori linalofuata. Nikifika nitapiga magoti kando ya kitanda chake nimwombe radhi, na wewe utakuwepo.

Nimegombana na dereva wa lori. Eti alikupa barua yangu na nauli Jumatano jioni, mlangoni, hata kabla ya Alhamisi hiyo. Nimemwambia amechanganya tarehe, na kwamba hawezi kumchafua kijana wangu huku anakula chumvi ya kambi yetu. Tulikaribia kushikana mashati. Hatusemezani tena.

Mwambie mama nakuja.

Mjomba wako

*

9 Juni

Mjomba,

Bibi anapumua vizuri. Uvimbe wa miguu umepungua. Nakuambia hilo kwanza ili usikimbilie mwisho wa barua.

Hii nampa dereva wa lori mwenyewe, akupe kabla hujapanda. Msemeshe. Hakuchanganya tarehe.

Nilikuwa mlangoni kweli, Jumatano, bado kuna mwanga. Nimeisoma barua yako palepale, mara mbili. Nauli nikaitia mfuko wa shati. Nikaenda nikakaa ndani ya gari bila kuwasha. Nilikuwa nimeahidi kwenda kuchukua nyanya za mama mmoja mwenye genge la mboga, shambani, ng'ambo ya mto, kama nilivyokuwa namchukulia kwa malipo siku zote ambazo si za hospitali. Waya wa mita nilifungua mimi. Nikasema limebisha wiki ngapi na halijafa, litakufaje kesho hiyohiyo? Safari moja, ya mwisho, nitoke kabla jua halijachomoza, nirudi kabla ya saa ya Bibi, nimpeleke kwa teksi kama ulivyotaka, halafu nikuandikie limezimwa. Nilishaipanga hata barua.

Limejifunga njia ya shambani, makreti yamejaa mpaka kiti cha Bibi. Lilivyojifunga ni kama ulivyoandika, sina cha kuongeza. Hakuna gari linalopita kule. Nilitembea, nikapata trekta, nikapata lori la mchanga. Nauli yako ilikuwa mfukoni, Mjomba, na hakukuwa na wa kumpa.

Jirani alimwambia Bibi, "Mama, nikuitie teksi?" Bibi akasema, "Mjukuu wangu anakuja, huyu hachelewi." Baadaye jirani akapita tena, akamwambia hivyohivyo, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu hakumkuta. Alikuwa ameshika njia kwa miguu.

Wafagia barabara ndio waliomwona chini ya kilima, kwenye mtaro. Walimwondolea takataka kwenye mkokoteni wao, wakamtandikia aproni zao, wakamsukuma mpaka hospitali. Nilipofika jua lilikuwa limekwenda upande wa pili, na zamu yake ya kusafishwa damu ilikuwa imepita. Hawakumlaza kwa ajili ya figo, Mjomba. Nyonga imevunjika. Daktari anasema kwa umri wake na damu yake hawawezi kuifungua. Hatasimama tena.

Gasketi isikusumbue. Gasketi haikumwacha mlangoni.

Ile hadithi ya kilima niliitunga kwenye benchi la wodini ndugu walipoanza kuingia na maswali. Naisimulia miguuni pa kitanda, na Bibi yupo macho. Hajanikanusha hata mara moja. Anasubiri nimalize, halafu ananiomba nimgeuzie mto. Jana muuguzi alimwambia, "Mama, umebarikiwa, mjukuu amekubeba mgongoni kilima kizima." Bibi akasema, "Ndiyo." Akageuzia uso ukutani.

Wafagiaji wameniambia kwamba njiani, juu ya mkokoteni, alikuwa anawaomba waende polepole na watazame nyuma, maana mjukuu wake anakuja na gari asije akawapita.

Sikumbeba, Mjomba. Sikuwepo.